Kabine kubwa za ukaguzi na ushauri Lubumbashi: zinatoa nini, zinachukua nini

Kwa kijana aliyemaliza mahesabu, uchumi au sheria hapa Lubumbashi, kabine kubwa, yaani ofisi ya ukaguzi wa mahesabu na ushauri, ni mahali pazuri pa kukaa miaka mitatu. Kukaa kumi ni jambo lingine, na linadai sababu yake. Tunalisema mapema kwa kuwa wengi wanaingia wakidhani wamepata kazi tulivu ya biro, yenye kiyoyozi na mshahara wa dola, kumbe wameingia mahali ambapo bidhaa inayouzwa ni saa, na saa zenyewe ni za kwao.

Tukisema kabine kubwa tuna maana ya Deloitte, PwC, EY na KPMG, pamoja na mitandao mingine ya kimataifa inayofanya kazi ileile kwa kiwango cha chini kidogo. Zamani vigogo walikuwa watano. Arthur Andersen ilianguka mwaka 2002 baada ya kashfa ya mahesabu ya mteja wake Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Wale wa mikakati, akina McKinsey na wenzao, ni soko lingine na hatuwagusi hapa.

Lubumbashi si Kinshasa. Kule mafaili makubwa ni ya mabenki, simu, ministeri na miradi ya wafadhili. Huku faili ni mgodi, au kitu kinacholishwa na mgodi: usafirishaji, asidi, baruti, chakula cha kambini, duane (forodha) ya Kasumbalesa mpakani. Wenye migodi wako Uswisi, China, Kanada, nao wanataka mahesabu yao mara mbili: mara moja kwa mpango wa mahesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ambao Kongo ilijiunga nao Septemba 2012, mara ya pili kwa kanuni za kimataifa ili makao makuu yaunganishe na mengine. Ripoti ya makao makuu huwa ndiyo ya kwanza kudaiwa, mara nyingi Januari ileile. Ya hapa inafuata, na tarehe yake haina huruma: 30 Aprili, siku ambayo tamko la kodi ya faida lazima liwe limewekwa. Mkutano mkuu wa wanahisa unatakiwa ufanyike kabla ya mwisho wa Juni. Kwa hiyo mwaka wa kabine una miezi minne ya moto, miwili ya kumalizia, na sita ya kupumua kidogo, ingawa kwenye hiyo sita watu wa kodi na ushauri hawapumui kama watu wa ukaguzi.

Tuanze na faida, na kubwa kuliko zote ni kuona. Asistani wa mwaka wa kwanza anafungua vitabu vya kampuni tano au sita kwa mwaka mmoja, anasoma kontra zao, anakaa na mkuu wa fedha, anashuka ghalani. Mwenzake aliyeajiriwa na kampuni moja kuingiza fakture (ankara) za wauzaji ataona fakture za wauzaji.

Mfano wa kazi hiyo ni kuhesabu akiba ya mali ghalani ya 31 Desemba. Wengine wanapika bukari ya sikukuu. Timu ya kabine iko barabara ya Likasi, Fungurume au Kolwezi, kilomita kama 120 hadi 300, katikati ya mvua. Langoni unapuliza kipimo cha pombe, unapewa somo la usalama, unavaa kofia, miwani, gileti na viatu vyenye chuma. Asiyekuwa na viatu anabaki nje, na kazi yake inafanywa na mwenzake. Ndani, shaba iliyosafishwa imepangwa kwa mafungu ya tani mbili na zaidi, kila fungu limefungwa kwa mikanda ya chuma na lina lebo ya namba na uzito. Unachagua mafungu kadhaa kwenye orodha na kuyatafuta chini. Halafu unageuza, unachagua mengine pale chini na kuyatafuta kwenye orodha. Njia ya kwanza inakamata mali iliyoandikwa lakini haipo. Ya pili inakamata mali iliyopo lakini haikuandikwa. Anayefanya moja tu amefanya nusu ya kazi, hata kama amehesabu mafungu mia.

Kobalti ndiyo inayowaangusha wageni. Inatoka kama unga wenye maji, ndani ya magunia makubwa ya tani moja na zaidi. Tuchukue gunia la kilo 1,200 lenye unyevu wa nusu: mali kavu ni kilo 600, na kama maabara inasema kobalti ni 30% ya mali kavu, kobalti yenyewe ni kilo 180. Asistani aliyezidisha 30% kwa 1,200 ameandika mara mbili ya mali iliyopo, na namba hiyo itapanda hadi kwenye bilani, jedwali la mali na madeni ya kampuni, kama hakuna aliyeuliza karatasi ya maabara. Tangu serikali ilipofunga usafirishaji wa kobalti Februari 2025, kisha ikaweka migao kuanzia Oktoba ya mwaka huohuo, swali la pili limeongezeka: magunia yaliyolala ghalani yana thamani gani kweli? Kuyahesabu hakutoshi, lazima upime kama bei ya kuuza bado inazidi gharama.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni dogo: namba ya tiketi ya mwisho ya mizani na namba ya karatasi ya mwisho ya kutoa mali kabla ya usiku wa manane. Inachukua dakika tano kuziandika na kuzipiga picha. Ukirudi mjini bila namba hizo, mwezi wa tatu hutaweza kuthibitisha ni lori gani ni la mwaka uliokwisha na lipi ni la mwaka mpya. Na lori lililopakiwa likasimama ndani ya uzio usiku huo ni la nani? Jibu liko kwenye kontra ya mauzo, mahali panaposema mali inahama mikononi mwa muuzaji lini. Kijana aliyejifunza kuuliza hivyo akiwa na miaka 24 ana kitu ambacho darasa la UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), pamoja na heshima yake yote, halikuweza kumpa.

Kwenye kazi hii Kiswahili ni mali. Faili linaandikwa Kifaransa, ripoti ya makao makuu Kiingereza, lakini mtunza ghala anazungumza Kiswahili. Ukimwamkia kwanza na kumuuliza taratibu, "Papa, haya magunia ya pembeni ni ya nani?", atakuambia kwamba yamerudishwa na mteja, jambo ambalo orodha haikusema. Timu inayokuja kutoka nje na kuongea na mkuu wa fedha peke yake inalikosa.

Sasa saa. Hapo ndipo kabine inaposhikilia, na hapo ndipo lawama zetu nyingi zilipo. Kila mfanyakazi anajaza karatasi ya masaa: mteja gani, kazi gani, saa ngapi. Asosiye, yaani mwenye hisa katika kabine, ameuza faili kwa idadi fulani ya masaa. Tuseme 400. Mteja akichelewa kutoa balansi, yaani orodha ya salio za akaunti zake, au akileta daftari la mali za kudumu lisiloafikiana na vitabu, timu inatumia 520. Masaa 120 hayana mlipaji. Hapo sinia, yaani mkubwa wa asistani kwenye timu, anamwinamia asistani kwa sauti ya upole: "Mdogo wangu, wewe andika nane tu." Asistani anaandika nane baada ya kufanya kumi na tatu, kwa heshima, na kwa hofu ya kuonekana mzito.

Madhara yake hayaishii kwake. Faili linafungwa likionyesha masaa 400, kwa hiyo mwaka unaofuata asosiye anaomba bei ileile, na vijana wengine watatu wanaingia Januari kwenye kazi ya 520 iliyopewa 400. Mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka kwamba namba ya mwanzo ilikuwa ya uongo. Kabine inapoteza pesa, timu inapoteza usingizi, na ubora wa kazi unashuka, kwa sababu mtu aliyechoka saa nne ya usiku anatia alama ya "nimeona" kwenye fakture ambayo hakuiona. Tunaona hili ni kosa kubwa kuliko mshahara mdogo, maana mshahara mdogo angalau umeandikwa.

Dawa ipo, nayo ni ya kila siku. Jaza masaa ya kweli kabla ya kuondoka, usingoje Ijumaa, na pembeni andika sababu kwa maneno machache: "balansi imekuja siku tatu baadaye", "tumerudia sampuli, fakture 6 hazikuwa na bon (karatasi) ya kupokea mali". Sababu hiyo ndiyo inayompa asosiye nguvu ya kumwomba mteja nyongeza. Bila hiyo hana la kuonyesha. Mameneja wazuri wanaijua hesabu hii na wanaitaka. Kwenye mahojiano, muulize meneja swali moja tu: masaa yakizidi bajeti mnafanyaje? Atakayeanza kueleza jinsi wanavyozungumza na mteja ni mtu wa kufanya naye kazi. Atakayesema "hapa tunajituma" amekujibu pia.

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inaweka masaa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kati ya Januari na Aprili, siku ya masaa kumi na mawili si ajabu katika kabine kubwa. Angalia kontra yako inasema nini kuhusu masaa ya ziada: yanalipwa, yanarudishwa kama siku za kupumzika, au yamemezwa ndani ya mshahara? Kuna kabine zinazorudisha siku hizo mwezi wa saba na wa nane, na huo ni mpango mzuri mradi zimeandikwa mahali. Siku zisizoandikwa zinasahaulika meneja akihama. Likizo ya kisheria yenyewe ni ndogo, siku moja ya kazi kwa kila mwezi uliotumika kwa mtu mzima, kwa hiyo lolote zaidi ya hapo ni ukarimu wa kabine na linafaa kulinganishwa kabla ya kutia sahihi.

Kuingia kwenyewe mara nyingi ni kwa staji, yaani mafunzo ya kazini. Tatizo la staji si urefu wake, ni ukungu wake. Dai barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, jina la anayekusimamia, na kiasi cha pesa ya usafiri. Staji inayoongezwa kwa mdomo mwezi baada ya mwezi, huku ukifanya kazi ya asistani kamili kwa mteja anayelipa, ni kazi bila kontra. Kipindi cha majaribio ndani ya kontra ni kitu kingine: lazima kiandikwe, hakizidi miezi sita kwa mtu mwenye utaalamu, na ukiendelea kufanya kazi baada ya hapo umethibitishwa. Kontra ya muda maalumu haivuki miaka miwili na inarudiwa mara moja tu. Uliza pia namba yako ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mwezi wa kwanza: wewe unakatwa 5%, mwajiri anaweka 13% yake, na kwa kabine kubwa hili kwa kawaida liko sawa, lakini ni rahisi kurekebisha mwezi wa pili kuliko mwaka wa nane.

Mtihani wa kuingia hauna siri nyingi. Excel, Kiingereza cha kusoma na kuandika barua, madaraja ya hesabu ya OHADA, na mtego mmoja unaopendwa: ukiulizwa TAFIRE, jedwali la zamani la kuonyesha fedha zimetoka wapi na zimetumika wapi, ujue kwamba iliondoka na mpango uliorekebishwa wa Januari 2018, mahali pake pakachukuliwa na jedwali la mtiririko wa fedha. Kwa upande wa kodi, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% na tamko lake la tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa upande wa migodi, sheria iliyorekebishwa Machi 2018, hasa kwamba mrabaha wa shaba ni 3.5% na wa kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati, ni 10%. Mtu anayejua kwa nini namba hizo mbili zinatofautiana anaonekana haraka.

Vyeti ni faida ya kweli pia. ACCA, cheti cha kimataifa cha uhasibu, ina mitihani 13. Mwenye digrii ya mahesabu anaweza kusamehewa hadi 9, na miezi 36 ya uzoefu inayodaiwa unaipata hapohapo kazini. Kabine nyingi zinalipia au zinakopesha. Soma kifungu cha kurudisha: ukiondoka kabla ya muda fulani unarudisha ada, na wengine wamejikuta wamefungwa mwaka mzima kwa sababu ya kurasa mbili ambazo hawakuzisoma. Kwa anayetaka kutia sahihi mahesabu hapa Kongo siku moja, njia inapita kwenye ONEC, chama cha wahasibu wataalamu kilichoundwa kwa sheria ya Februari 2015, na ACCA peke yake haimfikishi huko.

Mafunzo ya mtandaoni ya maadili, ambayo vijana wanayabofya upesiupesi ili wamalize, yanafuatiliwa kwa ukali kuliko zamani. Juni 2022 EY ilitozwa dola milioni 100 huko Marekani kwa sababu wakaguzi wake walidanganya kwenye mitihani, ikiwemo ya maadili. Usimtumie mwenzako majibu, hata akiwa ndugu.

Na ndugu ni suala lenyewe. Mkaguzi haruhusiwi kuwa na hisa kwa mteja, na anatakiwa kutaja jamaa wa karibu wanaofanya kazi kwa mteja kwenye nafasi zinazogusa mahesabu. Fomu hizo zimeandikwa na watu ambao jamaa zao ni wachache. Lubumbashi nusu ya mji inakula kwa mgodi: kaka yuko Kipushi, shemeji anaweka vitabu Likasi, mama mdogo ana kampuni ya kupika kambini. Taja wote mapema. Kutaja kunakutoa kwenye faili moja tu. Kuficha, kukigunduliwa, kunakutoa kwenye kabine.

Pesa ya misioni, yaani safari ya kikazi kwa mteja, inahitaji maswali matatu: hoteli inalipwa na kabine moja kwa moja au unalipa wewe kwanza? Pesa ya chakula inatolewa kabla ya safari au baada? Gari ni la nani na dereva ni nani? Kurudishiwa pesa baada ya wiki sita kunamuumiza asistani ambaye nyumbani, mtaa wa Katuba au wa Kenya hapa mjini, wanamtegemea. Barabara ya usiku kutoka Kolwezi, msimu wa mvua, kati ya malori ya asidi na ya shaba, si ya kukubali kwa sababu meneja anataka faili asubuhi. Kabine nyingi zina kanuni inayokataza safari za usiku. Iombe kwa maandishi, uitumie.

Kwa akina mama, sheria inatoa wiki 14 za uzazi, na kabine kubwa kwa kawaida zinaziheshimu. Ugumu unaanza baadaye, mtoto wa miezi minne na misioni ya wiki tatu Fungurume. Wenye busara wanaomba mafaili ya mjini kwa mwaka mmoja, na wanaomba Septemba wakati wa kupanga timu. Ukingoja Januari viti vimeshagawanywa.

Kupanda ngazi: asistani, sinia, meneja, halafu mlango unakuwa mwembamba sana. Miaka miwili au mitatu hadi sinia, mingine kama hiyo hadi meneja, tathmini mara moja kwa mwaka ikilinganisha watu kwa watu. Juu ya meneja haitoshi kujua kazi, unatakiwa kuleta wateja. Hapo mtaalamu mzuri asiyependa kuuza anakauka. Ndiyo maana tunasema kukaa miaka kumi kunadai sababu: kama hutaki kuwa asosiye, kila mwaka baada ya mwaka wa nne unakupa kazi ileile kwa masaa yaleyale, wakati idara za fedha za migodi zinamtafuta mtu kama wewe.

Kabine ndogo ya mjini tusiidharau. Kule unafuata faili moja kuanzia karatasi ya kwanza hadi tamko la kodi, unamjua mkaguzi wa DGI, idara ya kodi ya serikali, kwa sura, na ukikosea unarekebisha mwenyewe. Mkaguzi wa kabine kubwa anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuwahi kujaza tamko la TVA kwa mkono wake, na siku anapoajiriwa na kampuni ya kati linamwaibisha. Kama uko kabine kubwa, omba miezi miwili kwenye idara ya kodi kati ya Agosti na Novemba. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu huo ndio wakati ukaguzi una mikono mingi.

Ukifika wakati wa kuondoka, usiondoke Machi. Unawaachia wenzako mzigo, na mji huu ni mdogo. Julai ni mwezi mzuri: mafaili yamefungwa, mikutano mikuu imekwisha. Taarifa ya kisheria kwa mfanyakazi anayeacha kazi ni nusu ya ile ya mwajiri, ambayo ni siku 14 za kazi na nyongeza ya siku 7 kwa kila mwaka kamili. Kontra za wakubwa zinaweka zaidi, kwa hiyo hesabu kwa kontra yako. Rudisha kompyuta na kadi kwa karatasi iliyotiwa sahihi, usichukue faili hata moja la mteja kwenye ufunguo wako wa USB, na dai cheti cha mwisho wa kazi, ambacho mwajiri anatakiwa kukitoa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kontra kwisha. Hakikisha kimeandika cheo cha mwisho, maana wengi wanapewa kilichoandika cheo walichoingia nacho.